Umeniuliza Kama Ubebe Simu ya Pili

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa binti mmoja wa Nguruka. Amepata nafasi kwenye shule ya uanafunzi huku kwetu Tabora, kozi ya miezi tisa, na anatakiwa kuripoti mwezi ujao. Fomu ya masharti ameshaisoma: simu hukusanywa Jumapili jioni na kurudishwa Jumamosi saa tatu asubuhi, kwenda mjini ni kwa ruhusa ya maandishi, na saa kumi na mbili jioni kila mtu awe ndani ya uzio. Mama yake ana kisukari, anaishi na mdogo wa binti huyo, mtoto wa darasa la tano. Baada ya salamu akaandika: "Kaka, nibebe kitochi cha pili nikifiche?"

Nililisoma swali hilo mara nne, nikaiweka simu chini, nikatoka nje. Mimi nilikibeba hicho kitochi.

Niliripoti mwaka 2014 nikitokea Kasulu. Nilipanda treni pale Kigoma na begi moja, godoro la futi mbili na nusu, na kifuko cha dagaa ambacho mama alikifunga mara tatu ili harufu isije ikanisumbulia majirani njiani. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na nilijiona nimeshakuwa mtumishi. Kanisani kwetu nilikuwa nikiongoza sifa, vijana wenzangu wakiniita Mchungaji kabla hata sijajua kupanga andiko na andiko. Niliamini ninakwenda kuongezewa upako tu, basi, nirudi.

Kengele yetu ilikuwa rimu ya gari iliyotundikwa kwenye mwembe. Saa kumi na nusu alfajiri mwenye zamu anaigonga kwa nondo, na ukilala karibu na dirisha unaisikia mpaka kwenye meno. Sala ya kimya, ibada, kisha jembe mpaka saa moja na nusu, uji, darasa. Saa nne usiku taa zinazimwa. Aliyechelewa sala ya alfajiri anachota madumu kumi ya maji ya jikoni, na kiangazi cha Tabora mnakijua, kisima kinashuka, foleni inaanza usiku.

Watu wakinihoji juu ya maisha yale huuliza hayo tu: kengele, jembe, mfungo. Ndugu zangu, hayo yalinichukua wiki tatu, nikayazoea. Mwili hauna kiburi kikubwa kama tunavyodhani. Ukiupa ratiba unaifuata. Kilichonishinda ni wale watu ishirini na mmoja ambao sikuwachagua. Yupo anayeomba kwa sauti kubwa kuanzia saa tisa usiku. Yupo anayechukua sabuni yako bila kuomba, na siku ukimnyima unasikia habari zako kwenye kipindi cha ushuhuda. Yupo anayekula polepole makusudi ili asikutane na zamu ya vyombo. Nyumbani ungemkwepa mtu huyo. Kule unalima naye tuta moja, unalala chini ya kitanda chake, na Jumapili unapokea Meza ya Bwana ukiwa begani kwake.

Sasa habari ya kitochi. Mama yangu alikuwa na presha, na mwezi wa tatu alizidiwa. Nilipoondoka nyumbani nilikuwa nimekifukia kisimu kile kwenye mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, alionipa shangazi. Kila Jumatano usiku nilikwenda nacho nyuma ya vyoo, nampigia mama kwa sauti ya chini, dakika tatu au nne, narudi. Ndugu wa kitanda cha juu aliniona. Hakuniambia neno. Asubuhi tulisalimiana kama kawaida, "Mwangaluka," tukalima pamoja, tukala pamoja. Siku mbili baadaye, kwenye ibada ya jioni, kiongozi alilitaja jina langu na kuniambia nisimame. Kitochi kilikuwa juu ya meza, bado kina vumbi jeupe la michembe.

Niliulizwa mbele ya wote kama nina la kusema. Mdomo ulikuwa umekauka. Nikasema sina. Nikapewa wiki mbili: kupalilia shamba la karanga peke yangu, kula benchi la pembeni, na nisiongoze wimbo wowote.

Nilikosa. Nasema hivyo bila kupunguza. Masharti niliyasaini kwa mkono wangu, nikaingia na uongo ndani ya mfuko wa chakula. Adhabu ile niliistahili, na nisingependa mtu yeyote asome haya akaona ninaitetea simu. Lakini mpaka leo naandika, hakuna mtu hata mmoja pale aliyewahi kuniuliza nilikuwa nampigia nani.

Hilo ndilo lililoniuma. Wiki mbili kwenye karanga, jua la Tabora mgongoni, sikumlilia mama wala sikumlilia Mungu. Nilikuwa nikirudia sentensi moja kichwani: huyu ndugu alikuwa na siku mbili nzima za kuniita pembeni.

Mwezi wa tano tukapata Jumamosi ya mapumziko, kundi zima likaenda kwa miguu Kwihara, kwenye lile tembe, nyumba ya udongo, alilokaa mmisionari Livingstone. Mwalimu wetu alisimulia jinsi Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, alivyoondoka hapo Machi 1872 kurudi pwani, na mzee yule akabaki akisubiri wapagazi aliotumiwa, ambao hawakufika mpaka Agosti. Miezi mitano mtu amekaa kwenye tembe, anasoma Biblia yake na kuhesabu siku. Wenzangu walivutiwa na milango. Mimi nilikaa uani nikiwaza kwamba kungoja hivyo bila kinyongo ni kazi nzito kuliko kutembea. Ndipo ndugu wa kitanda cha juu akaja kukaa karibu. Tulinyamaza muda mrefu. Kisha akasema: "Niliogopa ungenikasirikia." Maneno hayo tu. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Nilitaka kumwambia mengi, nikamwambia nimemsamehe, na siku ile nilikuwa sijamsamehe.

Mnaonifuatilia mmeshanisikia nikisimulia mpaka hapo. Kuna kipande ambacho sijawahi kukiandika.

Mwezi wa saba nilifanywa kiongozi wa bweni. Nilipewa daftari la nidhamu na kalamu nyekundu, na nikalipenda daftari lile kuliko inavyofaa. Tulikuwa na zamu za maombi ya usiku, kila mtu saa yake. Mwenzetu mmoja, mpole, mtu wa maneno machache, alikutwa amelala kwenye zamu yake mara tatu ndani ya wiki moja. Nikaandika jina lake mara tatu kwa mwandiko mzuri. Sikumwamsha nikamuuliza. Sikumwita chini ya mwembe. Nililipeleka daftari ofisini na moyoni nilihisi haki imetendeka: mimi nilisimamishwa, na yeye asimame.

Alisimamishwa. Hakusema kitu, kama nilivyofanya mimi. Kesho yake baada ya uji alifunga godoro lake nyuma ya bodaboda akaenda stesheni. Jioni ndipo mpishi, mama mtu mzima aliyekuwa akiona mambo yote ya pale, aliponiambia: usiku wote wa wiki ile kijana yule alikuwa chumba cha wagonjwa akimkanda kwa maji mwenzetu aliyekuwa na malaria kali. Alikuwa akifika kwenye zamu ya maombi akiwa hajalala kabisa.

Nimekaa na jambo hilo zaidi ya miaka kumi. Yule wa kitanda cha juu alikuwa mtoto na aliogopa. Mimi nilijua uchungu wa kusimamishwa mbele ya wote, nilikuwa nimeuonja, na bado nikaandika.

Kwa hiyo wapendwa, mnisikilize vizuri hapa. Mathayo 18 haikuandikwa kwa ajili ya vikao vya wazee wa kanisa peke yake. Bwana anasema ndugu yako akikukosa, uende ukamwonye, wewe na yeye peke yenu. Peke yenu! Mashahidi wanakuja baadaye, na kanisa linakuja mwisho. Sisi tunaanza na mwisho. Tunaanza na ofisi, tunaanza na kundi la WhatsApp, tunaanza na madhabahu, halafu tunaita hiyo nidhamu. Wabenedikto, watawa wa Kikatoliki ambao wengi mnawafahamu kwa Peramiho na Ndanda, wanaishi kwa kanuni ya karne ya sita, na mle ndani imeagizwa kwamba mtawa mkaidi aonywe kwa siri na wakubwa wake, mara ya kwanza na mara ya pili, ndipo akemewe mbele ya wote. Mtu aliyeandika hivyo aliwahi kuishi bwenini, nina hakika.

Na hapa Unyamwezi tuna ushuhuda wetu wa karibu zaidi. Wamoravian walifika Urambo mwaka 1898, wakipokea kituo kutoka London Missionary Society, na kazi yao imeenea mpaka Sikonge na kwingineko. Chimbuko lao ni kijiji cha Herrnhut huko Ujerumani, kilichoanzishwa mwaka 1722 na wakimbizi wa imani kwenye ardhi ya mtu mkubwa aliyeitwa Zinzendorf. Wahubiri wetu hupenda kusimulia zamu za maombi za Herrnhut zilizoendelea usiku na mchana kwa miaka kama mia moja. Wakifika hapo watu wanapiga makofi. Kilichotangulia hawakisimulii: miaka mitano ya mwanzo watu wale walikuwa wakigombana vibaya, mpaka kijiji kikakaribia kuvunjika. Zinzendorf akawa anakwenda nyumba kwa nyumba kuzungumza nao. Mei 1727 wakatia sahihi mapatano ya namna ya kuishi pamoja, tarehe 13 Agosti wakapatana kwenye Meza ya Bwana, na mwishoni mwa mwezi huohuo ndipo zamu za maombi zikaanza. Angalieni mpangilio huo. Nyumba kwa nyumba kwanza. Sisi pale shuleni tulikuwa na zamu za maombi tangu wiki ya kwanza, na hatukuwa na mtu wa nyumba kwa nyumba.

Msidhani ninaichukia shule ile. Kila nilicho nacho leo kina alama ya rimu ile kwenye mwembe. Nauza asali, na wanunuzi wangu wa Dar wananitumia fedha kabla ya mzigo kupakiwa, kwa sababu tangu nianze sijawahi kuchelewesha ndoo hata moja. Naamka saa kumi na nusu bila kengele. Nikisema nitafika, nafika. Vijana wengi wana karama kunizidi, lakini hawawezi kukaa kwenye jambo moja miezi tisa, na karama bila kukaa ni sawa na mzinga bila malkia. Nendeni mkafundishwe! Kubalini kuamshwa, kubalini kuchota maji, kubalini kukosolewa na mtu mliyemzidi elimu. Kijana asiyewahi kutii kengele ya mtu mwingine, hata yake mwenyewe hataitii.

Mwenye mamlaka pale, kama unanisoma: kabla hujamsimamisha mtoto wa watu mbele ya wenzake, muulize swali moja ofisini, mlango umefungwa. Dakika tano. Nakuomba.

Nawe unayekwenda, ukimwona mwenzako amekosa, mwambie siku ileile kabla ya jua kuzama. Ukichelewa siku mbili umeshaanza kumsema. Jambo hili ni gumu kuliko mfungo wa siku tatu, nawaambia kwa uzoefu, na mkirudi kwangu kuniuliza siri ya kumaliza kozi nitawaambia hilohilo tena: mwambie yeye, mwambie mapema, mwambie peke yake.

Sasa, mdogo wangu wa Nguruka. Kitochi usibebe. Siku ya kuripoti, kabla hujapangiwa kitanda, omba kuonana na mlezi wa wasichana, umweleze habari za mama yako: kisukari, dawa anazotumia, na kwamba yuko na mtoto mdogo tu nyumbani. Usimweleze kwa kunung'unika, usimweleze ukiwa umeinamisha kichwa. Omba namba moja ya simu ya mtu mzima wa pale ambayo mama au jirani anaweza kuipiga wakati wowote, na uombe upewe siku moja katikati ya wiki ya kumpigia mbele yao. Andika namba hiyo kwenye karatasi mbili. Moja mwachie mdogo wako aibandike ukutani, ya pili mpe jirani mwenye simu isiyoisha chaji. Wakikukatalia yote hayo, niandikie kabla hujafungua godoro, nitakuja mwenyewe kuzungumza nao. Nakaa Ipuli, si mbali.

Na michembe beba. Beba ya kutosha, wenzako watakuomba.