Barafu ya mwaloni haizuii damu kichwani

Baba alipatwa na kiharusi. Alianguka akivaa viatu, kabla hajatoka kwenda mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza. Mkono wa kulia ulilegea, mdomo ukaenda upande, na alipotaka kuniita ikatoka sauti tu. Baba mdogo alikimbia mwaloni akarudi na bonge la barafu, ileile ya kupangia sangara. Tukalifunga kwenye kanga, tukamwekea kichwani. Maji yakamtiririka shingoni mpaka shati likalowa, akaanza kutetemeka. Karibu nusu saa tulikaa hivyo, tukiamini tunazuia damu.

Simlaumu baba mdogo. Alishasikia kwamba ubongo hutibiwa kwa baridi, na tiba hiyo ipo kweli. Joto la mwili mzima hushushwa hadi nyuzi 32 mpaka 34 ili ubongo uhitaji oksijeni kidogo na uvimbe upungue. Lakini hufanyika ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, kwa blanketi za kupoza au dripu baridi, na mgonjwa hupewa dawa asitetemeke, maana kutetemeka kunaila oksijeni hiyohiyo. Tena kwa damu iliyovuja kwenye ubongo, utafiti bado haujathibitisha kwamba kupoza mwili kunaokoa maisha. Baridi hufanya damu ichelewe kuganda, na nimonia huwa karibu.

Hospitalini, picha ya CT, ile inayoonyesha ndani ya kichwa, ilionyesha doa jeupe upande wa kushoto: damu mbichi. Kwa macho huwezi kujua kama mshipa umeziba au umepasuka, kwa hiyo nakusihi, usimpe mgonjwa aspirini nyumbani; kama umepasuka, itazidisha kuvuja. Jirani yetu alikuwa nayo mkononi tayari! Usimpe chai wala uji, atapaliwa. Mlaze kiubavu, ita bajaji.

Baba alishushwa presha kwa dawa ya mshipani. Vidonge vyake alikuwa ameviacha tangu alipojisikia nafuu. Siku ya tatu homa ikapanda, na hapo ndipo nilipoelewa habari ya joto. Homa huzidi kuuumiza ubongo uliojeruhiwa. Wauguzi walimpa parasetamo, wakampima tena na tena, wakatafuta chanzo mpaka wakakipata kifuani. Ukiwa na mgonjwa wodini, uliza joto lake kila zamu, bila kuona haya.

Swali la kwanza la daktari lilikuwa: ameanza saa ngapi? Tulikuwa watatu, tukatoa majibu matatu. Siku hizi, nyuma ya kadi ya kliniki ya baba, tumeacha nafasi ya kuandika saa, na kalamu imefungwa hapohapo kwa uzi wa nyavu.