Jibu: Wapiga kura waandike sera, wagombea waje wajibu

Mwanzisha uzi ameuliza kama wapiga kura wanaweza kuandika misimamo yao wenyewe, wagombea waje waijibu, badala ya sisi kungoja ilani za vyama. Wengi hapo juu wamesema ni ndoto. Mimi ni katibu wa BMU, kamati ya wavuvi ya kusimamia ufuo, hapa Lamu, Kenya, nimekaa vikao vya maoni ya wananchi mpaka nimechoka viti vya plastiki. Yawezekana, ila si kwa njia wengi wanayoifikiria.

Vyama kwanza. Huku kwetu mwanasiasa hubadili chama kama abadilivyo kikoi, basi ilani ya chama itamfunga vipi? Mvuvi wa Faza akipata aya moja humo ashukuru.

Sasa angalieni makaa ya mawe ya Kwasasi, mtambo wa umeme wa megawati 1,050 uliokuwa ukisukumwa na serikali yenyewe. Mwaka 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira iliifuta leseni yake, baada ya wakazi na Save Lamu, muungano wa mashirika ya kijamii, kukata rufaa. Sababu moja kubwa: wananchi waliitwa vikaoni mwanzoni, kabla ripoti ya athari za mazingira haijatoka, na ilipotoka hawakurudishiwa waijadili. Mwaka mmoja nyuma, Mahakama Kuu ya Malindi ilikuwa imewapa wavuvi zaidi ya 4,000 fidia ya zaidi ya shilingi bilioni 1.7 kwa hasara ya ujenzi wa bandari ya Lamu, na humo pia suala la kushirikishwa lilitajwa wazi. Si chama kilichotuletea hayo.

Lakini mahakamani ni kuzima moto. Kuandika sera ni kazi nyingine, na huanza mapema.

Kikao kimoja cha bajeti hakinitoki. Tulitia sahihi rejista kwanza, soda zikaja, kitabu chenyewe cha bajeti kikawa kimoja tu, cha Kiingereza, mikononi mwa ofisa. Nahodha mmoja mzee akamwuliza, "Mwanangu, humo muna barafu?" Kijana akacheka, akidhani ni mzaha. Mzee alikuwa akiuliza mtambo wa barafu, maana samaki wakioza, mchuuzi ndiye apangaye bei. Ofisa akapekua kurasa, akapekua tena. Kitabuni hamkuwa na barafu. Na hapo makadirio yalikuwa yameshafika kwenye bunge la kaunti, kwa hiyo kuongeza kitu ni kumnyang'anya mwingine.

Baada ya hapo tukabadili mwendo. Sheria inaitaka kaunti iwasilishe mpango wa maendeleo wa mwaka kufikia 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha 28 Februari, makadirio ya bajeti 30 Aprili. Tukakaa wenyewe kabla ya Septemba, tukaandika ukurasa mmoja wa Kiswahili: barafu, gati, na juya, ule wavu mkubwa wa kukokota, lisivutwe kwenye mazalia ya samaki. Uchaguzi ulipokaribia, ukurasa ule ule tukawasomea wagombea wa wadi barazani, kila mmoja akajibu ndiyo au la mbele ya watu, nami nikiandika. Mmoja alilikataa waziwazi suala la juya, kwa kuwa watu wake ndio walivutao. Huyo nilimheshimu kuliko aliyekubali yote bila kuuliza hata gati gani. Barafu iliingia kwenye mpango. Fedha zilizokuja baadaye zilikuwa pungufu, na bado twazidai.

Wanaotetea vyama wana hoja moja nzito, msiipuuze. Wapiga kura si kitu kimoja. Mkulima wa Mpeketoni anataka hatimiliki, mkata mikoko anataka kibali, mvuvi anataka juya liondoke, jirani yake anakula kwa juya hilo hilo. Ukihesabu vichwa tu, Waboni wa Basuba hawatapata hata mstari mmoja, maana ni wachache. Chama kizuri kingewapatanisha hawa. Mimi bado sijakiona, kwa hiyo kwetu kila kundi lina sehemu yake kwenye ukurasa ambayo wengine hawaruhusiwi kuifuta, hata wakiwa wengi. Hugombana, vikao hurefuka hadi magharibi.

Kwa hiyo ndugu, usianze na wagombea. Anza na tarehe hizo tatu. Peleka karatasi kwa karani wa bunge la kaunti, ukiitaja ibara ya 196 ya Katiba, inayolitaka bunge hilo lishirikishe wananchi. Usitoke ofisini bila nakala yako kupigwa muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe isomekayo. Yetu ya kwanza wino ulikuwa hafifu, na mwaka uliofuata tuliambiwa haikuwahi kufika.