Nyuki wadogo: maswali yenu kutoka Kisesa hadi Ukerewe

Tangu miembe ianze kutoa maua, maswali ya nyuki wadogo, wale wasiouma, yamenifikia kwa wingi kuliko ya ng'ombe na kuku yakiwekwa pamoja. Leo nayajibu hayo tu. Machache nitayajibu kwa kirefu, maana yanagusa uhai wa kundi zima.

Mwalimu, shikamoo. Nyumba yetu hapa Kisesa ni ya tofali za udongo. Vijinyuki weusi wametoboa ukuta karibu na dirisha na kuweka kitu kama mrija wa nta. Mume wangu anataka kuwapulizia dawa ya mbu. Wataangusha ukuta?

Marahaba, mwanangu. Mwambie baba watoto aiweke chini hiyo dawa. Nyuki wadogo hawatoboi ukuta. Wamekuta ufa au tundu lililokuwepo, wakalifanya makao. Huko porini hukaa kwenye miti yenye uwazi ndani, na wengine hukaa chini ya ardhi kwenye vichuguu vya mchwa.

Asubuhi jua likishapanda, vuta kigoda ukae hatua mbili kutoka kwenye huo mrija. Utaona vichwa vimepangana kuzunguka mdomo wake: hao ni walinzi. Anayerudi na vidonge vya njano kwenye miguu ya nyuma amebeba chavua. Mwenye vidonge vya rangi ya kahawia vinavyong'aa amebeba utomvu wa miti, wanaouchanganya na nta kujengea nyumba nzima, pamoja na huo mrija. Mwingine atatoka na kijitaka mdomoni, akakitupe mbali. Sijawahi kumweka mtoto mbele ya mrija kama huo akachoka kabla yangu.

Tunawaita "wasiouma" kwa sababu mwiba wao umedumaa, hauwezi kudunga. Ukiwachokoza wataingia kwenye nywele na masikioni na kung'ata, basi. Mkisiriba ukuta upya, zungukeni mrija, msiuzibe.

Ninalima tikiti maji kwa pampu kando ya ziwa, Igombe. Maua ni mengi, lakini matunda yanadondoka yakiwa kama gololi, na yanayobaki yanapinda. Nimeongeza mbolea mara mbili, hali ni ileile.

Kaka, kabla ya kununua mfuko wa tatu wa mbolea, ingia shambani saa moja na nusu asubuhi uchunguze maua. Mtikiti una maua ya aina mbili. Ua dume lina kikonyo chembamba tu. Ua jike limekalia kitikiti kidogo chenye manyoya, ukubwa wa punje ya maharage hivi. Hicho kitakuwa tunda endapo tu chavua kutoka ua dume itafika hapo, na haiwezi kufika kwa upepo kwa kuwa ni nzito na inanata. Lazima ibebwe.

Ua lenyewe hufunguka siku moja tu. Linachanua jua likichomoza, na mchana linaanza kusinyaa. Katikati ya ua jike pana ncha yenye mapande matatu, na yote matatu yanahitaji chavua ya kutosha, mamia ya punje. Pande moja likikosa, mbegu za upande huo hazijengeki, na tunda hupinda kuelekea huko. Zikikosekana kabisa, mmea unalidondosha. Kwa hiyo ziara moja ya nyuki mmoja haitoshi. Ua linataka wageni wengi ndani ya saa chache.

Hapo ndipo nyuki wadogo wanapokufaa. Mmoja akianza safari kwenye maua ya tikiti, kwa kawaida humaliza safari hiyo kwenye tikiti, harukii mbarika wala magugu. Miili yao midogo inawafikisha kwenye kina cha ua. Isitoshe, hawaendi mbali: walio wadogo kabisa, wa milimita tatu au nne, hutafuta chakula ndani ya mita mia kadhaa kutoka nyumbani. Ndiyo maana nakuuliza: kuzunguka shamba lako pamebaki mti wowote mzee? Kichaka? Ukisafisha hadi ukingo wa maji, unakuwa umewafukuza vibarua wako.

Kwa msimu huu, fanya hivi. Asubuhi chuma ua dume lililofunguka, toa majani yake ya njano, kisha gusisha taratibu kiini chake kwenye mapande yote matatu ya ua jike. Weka alama ya uzi kwenye kikonyo. Baada ya wiki moja linganisha matunda yenye uzi na yasiyo na uzi. Yenye uzi yakishika vizuri na mengine yakadondoka, tatizo lako ni uchavushaji. Yote yakidondoka, angalia maji na magonjwa.

Nimenunua asali ya nyuki wadogo kwa bei ya juu, ni nyepesi na ina uchachu. Nimepigwa?

Si lazima, dada. Asali hii ndivyo ilivyo. Nyuki wakubwa, wale wa kawaida wanaouma, huipunguza maji asali yao hadi ibaki na chini ya asilimia 20 hivi. Ya wadogo hubaki na asilimia 25 na kuendelea, kwa hiyo ni nyepesi, ina ukali fulani, na huchacha upesi ikikaa kwenye joto. Itunze kwenye friji. Bei yake ni kubwa kwa sababu kundi hutoa kidogo sana, tena huihifadhi kwenye vijichungu vya nta na utomvu vilivyoshikana kama zabibu, si kwenye masega. Mvunaji mwenye haraka huvunja vyote, pamoja na vya chavua na vya watoto, akachanganya. Mwulize muuzaji wako huvunaje.

Na kwa kuwa wengi mnainunua kwa ajili ya kikohozi: mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali ya aina yoyote. Inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake haliwezi kuvizuia.

Je, wanachavusha pia mahindi na mpunga?

Mahindi huchavushwa na upepo, na mpunga kwa kiasi kikubwa hujichavusha wenyewe. Nyanya nayo ina mambo yake: chavua yake imefungiwa kwenye vifuko vilivyoungana kama mrija wenye uwazi nchani, inahitaji kutikiswa. Anayeifanya vizuri kazi hiyo ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao za paa, akitetemesha kifua chake juu ya ua. Kwenye maembe, nyuki wadogo wanafanya kazi bega kwa bega na nzi, kwa hiyo nzi wa kwenye maua msiwachukie.

Tukichunga porini kuna vijinyuki vinang'ang'ania machoni hadi unashindwa kuona. Vinataka nini?

Jasho na machozi, yaani chumvi na maji. Funika kichwa kwa kitambaa chepesi, na usiwapondeponde usoni.

Sisi ni wakulima wa pamba, Misungwi. Tunalazimika kupulizia dawa. Tutawalindaje?

Pulizieni jioni, nyuki wakisharudi na upepo wa kutoka ziwani ukishatulia, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Mchana upepo huo huibeba dawa hadi kwenye maua ambayo hamkuyakusudia. Na nyuki wadogo wana udhaifu ambao wengi hawaujui: hawalishi watoto wao kidogo kidogo. Hujaza kijichungu chakula mara moja, malkia hutaga yai juu yake, kisha hukifunika. Mtoto hula akiba hiyo peke yake hadi akue. Chavua yenye sumu ikiingia leo imefungiwa humo pamoja naye, na kundi linaweza kuendelea kupoteza watoto wiki nyingi baada ya nyinyi kusahau siku ya kupuliza.

Mimi ni mzee wa Ukerewe. Tuna mwembe uliokauka uani, una nyuki wadogo tangu enzi za baba yangu. Vijana wanataka kuukata kwa mkaa. Wanasema nyuki watahamia kwingine.

Shikamoo babu. Hapana, hawatahama. Swali lako nimelifikiria sana.

Nyuki wakubwa wakiona hatari huweza kuruka wote na malkia wao. Kwa nyuki wadogo, malkia akishapandwa na kuanza kutaga, tumbo lake huvimba kwa mayai hata asiweze kuruka tena. Wanapotaka kuzaa kundi jipya, vibarua hutafuta tundu na kuanza kuhamisha nta, utomvu na chakula kidogo kidogo kutoka kwa mama, na anayekwenda huko ni binti, malkia kijana. Mama hubaki. Kwa hiyo mti ukianguka na kupasuliwa, malkia anabaki palepale kwenye vipande, na siafu humkuta usiku huohuo.

Kama mti hautishii nyumba, uacheni, babu. Mnaweza kukata matawi makavu juu ya uwazi. Kama lazima uondoke, kateni jioni sana, wote wakisharudi. Gongeni shina mjue uwazi unaanzia na kuishia wapi, kisha kateni juu na chini ya hapo mbaki na gogo zima. Tundu la mlango lizibwe kwa kitambaa chenye kupitisha hewa, ncha zote mbili zizibwe kwa udongo wa mfinyanzi. Gogo lisimame kama lilivyokuwa mtini, lisigeuzwe wala kulazwa, chakula kisije kikamwagikia watoto. Liwekeni palepale uani, kivulini, mlango ukitazama upande uleule, juu ya kigoda chenye miguu iliyopakwa grisi kuzuia siafu. Asubuhi mtoe kitambaa.