Mama, hicho kimji kina nini?

Mwanangu,

Ile voisi yako nimeisikiliza mara mbili. Unauliza hiki kimji kina nini mpaka nakataa kuja kukaa na wewe Columbus, Ohio, wakati huko Waswahili wapo, Wasomali wapo, nyama ya mbuzi ipo. Kwenye simu hunipi nafasi ya kuongea, ndo maana nakuandikia.

Kweli hapa Point Pleasant, West Virginia, ni padogo, sikatai, ukitoka kwangu kwa miguu unaumaliza mji mzima chai haijapoa. Ila pale mto Kanawha unapoingia mto Ohio kuna benchi langu, nakaa natazama matishari ya makaa ya mawe yamefungwa pamoja, tagi moja inayasukuma kwa nyuma, sio kuvuta kama tulivyozoea Tanga, polepoleee mpaka unasinzia. Pembeni ukuta wa kuzuia mafuriko umechorwa vita vya 1774, chifu Cornstalk na Washawnee wake, wale wenyeji wa asili wa Marekani.

Wageni hawaji kwa hayo lakini. Wanakuja kwa Mothman, dudu la hadithi za hapa, yaani mtu-nondo, nondo mdudu sio nondo za kujengea, japo sanamu lenyewe ni chuma cha pua tupu, macho mekundu, na makalio yamechongwa hayo, watu wazima na akili zao wanapiga nalo picha kwa nyuma! Mie nikipita nainamisha uso. Wanasema dudu lenyewe lilionekana Novemba 1966 kule kwenye maghala ya zamani ya baruti, afu mwaka uliofuata, tarehe 15 Desemba jioni, watu wanatoka kazini, daraja la Silver Bridge likaanguka mtoni na magari yake, wakafa 46. Basi likasingiziwa dudu. Kumbe chuma kimoja tu cha daraja kilikuwa na ufa mdogo ambao hata jicho lisingeuona, kikakatika, daraja zima likafuata, na hapo ndo serikali ya Marekani ikaanza kulazimisha madaraja yakaguliwe nchi nzima.

Bibi ninayemuuguza alikuwa binti wakati ule. Kila Desemba lazima nimsukume na kiti chake mpaka Sixth Street, kuna matofali yameandikwa majina yao wale waliokufa, nafunga breki, anainama anafuta theluji kwa glavu kwenye jina moja tu. Hajawahi kuniambia ni nani wake na mie sijauliza. Akimaliza tunarudi tunakula maharage na mkate wa mahindi, kimya, kama hatukutoka. Sasa huyu nimwachie nani, baba?

We ndo uje. Wikendi ya tatu ya Septemba kuna tamasha la hilo dudu lao, hoteli zinajaa mapema mno kwa hiyo utalala sebuleni. Pitia duka la Wasomali uniletee tui la kopo na unga wa muhogo, hapa nimetafuta mpaka nimechoka.

Mama