Swali la lugha: Je, Vita vya Kagera vilikuwa "vita vya mipaka"?

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha sita. Kitini chetu cha historia kinagawa vita mafungu mawili: "vita kamili" na "vita vya mipaka". Mwenzangu anasema Vita vya Kagera viko fungu la pili kwa kuwa viligombaniwa mpakani. Yuko sahihi?

Jibu: Marahaba. Mwenzako kasoma kilichoandikwa. Aliyeteleza ni mwandishi wa kitini. Ukimwambia Mswahili "vita vya mipaka" ataelewa watu wanagombea mpaka, kama vile "kesi ya shamba" ni kesi ya kugombea shamba. Kitini kilikusudia vita ambavyo anayepigana amejiwekea mipaka: shabaha fulani, eneo fulani, silaha fulani. Hivyo ni "vita vyenye mipaka". Mimi ningesema "vita vyenye ukomo", maana tumeshazoea "ukomo wa bajeti" na "ukomo wa madaraka", na hapo hakuna atakayewaza ramani.

Chukua Korea, 1950 hadi 1953. Jenerali MacArthur wa Marekani alitaka kuipiga China ng'ambo ya mto Yalu. Rais Truman hakutaka vita vipanuke, na Aprili 1951 akamwondoa kwenye uongozi wa majeshi. Huo ndio ukomo. Lakini ulikuwa ukomo wa Washington. Mkazi wa Pyongyang, ambaye mji wake ulisagwa kwa mabomu, angekushangaa ukimweleza kwamba vita vile vilikuwa na kiasi. Kwa hiyo ukitumia istilahi hii, sema pia ni ukomo wa nani.

"Kamili" nayo ina kasoro. Watangazaji wanaposema mapigano "huenda yakageuka vita kamili", wanamaanisha vita hasa, si kurushiana risasi za hapa na pale. Kitini kinataka maana nyingine: taifa zima kuingizwa vitani, kuanzia kiwandani hadi jikoni. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uingereza ilianza kugawa vyakula kwa kadi Januari 1940, na Desemba 1941 ikapitisha sheria ya kuwaandikisha hata wanawake wasio na waume, wa miaka 20 hadi 30. Na pande zote mbili zililipua miji yenye raia. Hivyo ni "vita vya jumla". Najua "jumla" inanuka duka la Kariakoo, jumla na rejareja, lakini maana yake ya kukusanya vyote ndiyo tunayoitafuta.

Sasa Kagera. Kwa chanzo, ndiyo, mpaka ulihusika: majeshi ya Amin yaliingia Oktoba 1978, na mwanzoni mwa Novemba akadai ardhi yote hadi mto Kagera ni ya Uganda. Nyerere akatangaza kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Angalia kitenzi chenyewe: "kumpiga". Hakisemi kumpiga hadi wapi. Kumtoa Kagera kungekuwa vita vyenye ukomo waziwazi, lakini tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilianguka, na Amin akakimbia. Huku nyumbani mgambo waliitwa, malori na mabasi yakachukuliwa kubeba askari, wananchi wakachanga ng'ombe na vyakula. Hata hivyo nchi haikugeuzwa kambi kama Uingereza ya 1941. Ningeviita vita vyenye ukomo, ila ukomo uliosogezwa vikiwa vinaendelea. Mpaka ni sababu yake tu, usiugeuze kuwa aina.

Umeandika "viligombaniwa", vizuri. Ukianza na vi- usihamie i- katikati ya insha: "vita hivi vilikuwa vikali", si "vita hivi ilikuwa kali". "Vita Kuu ya Pili ya Dunia" iache na "ya" yake. Jina hilo limeshaganda.