Miaka Sita Kazini, Bila Cheti

SWALI: Ndugu Mhariri, kwa miaka sita nimekuwa nikihudumia kompyuta, seva mbili na mtandao wa ofisi moja hapa Mafinga. Hivi karibuni niliomba kazi ya usimamizi wa mifumo Mbeya mjini, nikaachwa kwa kukosa cheti cha kimataifa, ilhali kijana aliyechukuliwa hunipigia simu kuniuliza namna ya kurejesha data kutoka kwenye nakala rudufu. Je, sasa nianze kukariri maswali ya mitihani?

JIBU: Ndugu msomaji, pole. Uzoefu wako ni wa kweli, lakini unajulikana kwa wale tu waliokuona ukifanya kazi. Mwajiri wa Mbeya, mwenye rundo la barua mezani, hana namna ya kujua kwamba diski ya seva ilipoharibika ni wewe uliyekesha hadi ofisi ikafunguliwa asubuhi kama kawaida. Cheti humpa angalau pa kuanzia.

Kukariri, hata hivyo, usikuthubutu. Maswali yaliyovuja huuzwa hovyo mitandaoni, na Cisco, kampuni ya vifaa vya mtandao, kwa mfano, inaweza kumfutia cheti aliyeyatumia. Isitoshe, mitihani hailingani. CompTIA A+, ya ufundi wa msingi wa kompyuta na yenye karatasi mbili, imekusudiwa zaidi wanaoanza, nami sioni sababu ya wewe kuilipia. CCNA ya Cisco, mtihani wa mitandao wa dakika 120, inakufaa ikiwa moyo wako uko kwenye ruta na swichi, yaani vifaa vya kuunganisha kompyuta, ingawa cheti chake hudumu miaka 3 tu kabla ya kuhitaji kuhuishwa.

Kama seva zako zinatumia mfumo endeshi wa Linux, ningekushauri RHCSA, mtihani wa usimamizi wa mifumo hiyo unaotolewa na kampuni ya Red Hat. Humo hakuna maswali ya kuchagua jibu: unakalishwa mbele ya mfumo unaofanya kazi, unapewa majukumu kama kuunda watumiaji, kugawa diski na kurekebisha huduma, na yote uliyoyapanga lazima yaendelee kufanya kazi baada ya mashine kuzimwa na kuwashwa upya. Ni mtihani unaomtambua fundi, na hapo ndipo miaka yako sita itakapokubeba.

Jizoeze nyumbani kwa VirtualBox, programu ya bure inayokuwezesha kuendesha kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako, ukiharibu mfumo kwa makusudi na kuutengeneza tena. Wakati huohuo, andika upya barua yako ya maombi: badala ya kusema una uzoefu wa miaka sita, taja idadi ya kompyuta unazohudumia, unavyopanga nakala rudufu, na muda uliotumia kuirejesha seva siku ile ilipoanguka.