RAM ya HP ProLiant DL380 G7: soma lebo kwanza

Kama seva haiwaki baada ya kuongeza RAM, tazama herufi inayofuata mara baada ya tarakimu kama 10600 kwenye lebo ya RAM. PC3-10600R ndiyo unayotaka (R ni registered, yaani ina chipu ya kupokea na kupitisha amri za kumbukumbu). E ni aina nyingine isiyo na chipu hiyo, usizichanganye na R hata kama zote ni DDR3 ECC (RAM inayorekebisha makosa ya data). L (LRDIMM, aina nyingine ya RAM ya seva) mashine hii haizitambui kabisa. Ukitafuta za mitumba, andika namba ya kipuri: ya GB 8 ni 500662-B21, lakini moduli ileile huuzwa pia kama 501536-001 au 500205-071, mara nyingi kwa bei ya chini. Chomeka kwa mfuatano wa herufi za nafasi: A, B, C. Prosesa ikiwa moja, nafasi 9 kati ya 18 hazifanyi kazi, kwa hiyo usilaumu muuzaji bure.